Bustani ya Mama: Tuhesabu mvua yetu, tusifuate miezi ya sashe



Wiki hii tuko kwenye tarehe 11, 12 na 13 za mwezi wa tano. Wazee wa Ufaransa na nchi za jirani wanaziita siku za watakatifu wa barafu, kwa sababu kalenda ya zamani ya Kanisa iliwakumbuka Mtakatifu Mamert, Mtakatifu Pancrace na Mtakatifu Servais siku hizo tatu kwa kufuatana. Kule mkulima mwangalifu hapeleki miche ya nyanya nje mpaka watakatifu hao wapite. Kabla ya hapo usiku mmoja tu wa baridi kali unaweza kugandisha umande juu ya majani, na kukipambazuka miche yote imekuwa myeusi kama imemwagiwa maji ya moto. Dada zetu walio Canada wanajua kwamba huko wengi wanangoja hata zaidi, mpaka ile Jumatatu ya sikukuu inayokuja kabla ya tarehe 25 ya mwezi huu.

Kwa nini tunawaletea habari za baridi ya mbali, sisi ambao baridi yetu kubwa ni ya kuvaa pulovera jioni? Kwa sababu baridi hiyo imeingia ndani ya sashe za mbegu tunazonunua sokoni na kwenye maduka ya mbegu hapa Goma.

Chukueni sashe moja iliyotengenezwa Ulaya muigeuze nyuma. Mtaona miezi kumi na miwili imepangwa kwa mstari, miezi ya kupanda imepakwa rangi moja na miezi ya kuvuna rangi nyingine. Nyanya: panda ndani ya nyumba mwezi wa pili na wa tatu, toa nje mwezi wa tano, "après les gelées", maana yake baridi ya kugandisha ikiisha. Vuna mwezi wa saba mpaka wa kumi. Mama anasoma, anaona maandishi mazuri na picha nzuri, anafuata. Lakini aliyeandika mistari ile alikuwa anafikiria jua la kwao na baridi ya kwao. Hakufikiria mvua ya Nyiragongo.

Tuseme ukweli, baridi ya namna hiyo haiko mbali na Afrika ya Mashariki kama tunavyodhani. Tanzania, kule Makete na Njombe, viazi vinaunguzwa na baridi kati ya mwezi wa sita na wa nane. Kenya, upande wa Kinangop, usiku usio na mawingu mwanzoni mwa mwaka unafanya vilevile. Na sisi wenyewe asubuhi zingine tunaona kilele cha Karisimbi kimekuwa cheupe, maana kiko kwenye mita 4 507. Lakini Goma iko karibu na mita 1 500, kando ya ziwa, na hakuna mama hapa aliyewahi kupoteza lengalenga kwa sababu ya barafu. Adui wetu ni wawili: mvua ikizidi, na mvua ikikatika.

Hapa ndipo tunataka mtusikilize vizuri. Miezi ya sashe haitufai, lakini hesabu ya wale wakulima inatufaa sana. Wao wanaijua siku ya hatari, kisha wanahesabu wiki kurudi nyuma: mche unakaa wiki ngapi kwenye pepinyeri, unakaa siku ngapi shambani, basi mbegu inaingia udongoni tarehe fulani. Sisi tufanye hesabu hiyohiyo, lakini mahali pa baridi tuweke kiangazi.

Mwaka wetu mnaujua. Sezoni A inaanza mvua ya mwezi wa tisa, inapiga sana mwezi wa kumi na wa kumi na moja, halafu inapungua kidogo mwezi wa kwanza na mwanzo wa mwezi wa pili. Sezoni B inaanza katikati ya mwezi wa pili, inafika nguvu yake mwezi wa tatu na wa nne, na inakwisha mwishoni mwa mwezi wa tano au mwanzo wa mwezi wa sita. Mwezi wa saba ndio mkavu kuliko yote. Kila mwaka kuna tofauti ya wiki moja au mbili, na mama anayelima anatazama mawingu kuliko kalenda, lakini umbo la mwaka ni hilo.

Basi leo, tukihesabu kwenda mbele, mvua iliyobaki ni ya wiki tatu au nne. Nini kinaweza kumaliza safari yake ndani ya wiki hizo?

Lengalenga inaweza. Ukimwaga mbegu wiki hii, wiki ya nne unaanza kukata majani, na ukikata bila kung'oa shina linachipua tena. Matembele pia, kwa sababu ukichomeka kipande cha shina sasa kitashika mizizi kabla udongo haujakauka, na kikishika kinavumilia jua. Karoti iko katikati: inakaa miezi mitatu, kwa hiyo itakuta kiangazi, lakini shida kubwa ya karoti ni siku 10 hadi 15 za kwanza, wakati mbegu yake ndogo inataka udongo usikauke hata siku moja. Mvua iliyobaki inakufanyia kazi hiyo bure. Baadaye utamwagilia mara chache. Ukingoja mwezi wa saba kupanda karoti, utamwagilia mara mbili kwa siku na bado nusu ya mbegu hazitaota.

Maharagi hapana. Tunajua kuna wamama ambao wamebaki na kilo moja ya mbegu ndani ya nyumba na mkono unawawasha. Maharagi ya leo yatatoa maua mwisho wa mwezi wa sita, saa ambayo mmea unataka maji kuliko saa yote, na maua yataanguka. Wekeni mbegu hizo ndani ya chupa kavu iliyofungwa vizuri, pamoja na majivu, mpaka mwezi wa tisa.

Sasa tuje kwenye nyanya, maana hapo ndipo pesa iko.

Nyanya ya mvua kubwa ni mateso. Majani yanapolala na maji kila usiku, ugonjwa wa mildiu unaingia, madoa meusi yanapanda kutoka chini, na ndani ya wiki moja shamba limeisha. Wamama wanatumia dawa kila siku nne, wananunua dawa kuliko wanavyouza nyanya, na watoto wanakula nyanya yenye dawa. Ndiyo maana tunasema nyanya iwekwe pepinyeri sasa. Hesabu ni hii: mbegu ikiingia tarehe 15 mwezi wa tano, mche unakaa wiki nne na unahamishwa karibu na tarehe 12 mwezi wa sita, mvua ikiwa imekatika. Aina fupi kama Roma inaanza kuvunwa baada ya siku 75 hivi. Hiyo inatupeleka tarehe 26 mwezi wa nane. Majani hayalowi, mildiu haina nafasi, na nyanya sokoni wakati huo ni chache. Na shule inafunguliwa Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tisa. Kila mama msomaji anajua Jumatatu hiyo inavyokuja na madaftari, viatu, inifomu na minervali kwa mara moja. Nyanya zilizoiva wiki moja kabla yake zinaweza kulipa madaftari ya watoto wawili au watatu. Nyanya zilizoiva mwezi wa kumi zinawakuta tayari wamefukuzwa darasani.

Lakini nyanya ya kiangazi inakunywa maji, na maji ya Goma tunayajua. Kabla hujanunua mbegu, hesabu bidoni. Sisi tunahesabu bidoni moja ya litre 20 kwa mifuko minne, kwa siku moja ya jua. Mama mwenye mifuko 12 anahitaji bidoni tatu kila siku, na kwa siku 75 hizo ni bidoni 225. Kama yuko karibu na robine, sawa. Kama ni ya kununua, apige hesabu ya franka kwanza, asije akauza nyanya ili kulipa maji. Na kama jibu ni kwamba msichana wa miaka kumi ndiye atakayeshuka ziwani asubuhi na jioni, basi apunguze mifuko mpaka minne. Mtoto anayebeba bidoni mwezi mzima wa sita halali vizuri wala hasomi vizuri, na mitihani ya mwisho wa mwaka iko wakati huohuo.

Maji yanaweza kupunguzwa. Funikeni udongo wa mfuko kwa majani makavu ya migomba au maganda ya maharagi, unene wa vidole vinne. Maji yaliyoosha mboga na mchele yanarudi kwenye bustani. Yaliyofua nguo kwa sabuni yasirudi. Mwagilieni jioni, chini kwenye shina, si juu ya majani. Na wale wanaotumia maji ya ziwa, tafadhali, yasiguse mboga za kuliwa mbichi kama saladi, na kila mboga ioshwe kwa maji safi yaliyotiwa dawa. Kipindupindu hakijatuhama.

Kuhusu mifuko yenyewe hatutarefusha, kwani tumeshaeleza mara nyingi. Wale walio juu ya lava ya 2002 katikati ya mji, au upande wa Buhene ambako lava ilifika tarehe 22 mwezi wa tano 2021, hawana namna nyingine: udongo unatoka mbali, unalipiwa, na unawekwa mahali usipoteremka kati ya mawe. Mawe yenyewe hayatukosi. Wekeni nguzo ya vijiwe vidogo katikati ya mfuko ili maji yashuke hadi chini, la sivyo mboga za pembeni chini zinakufa na kiu huku juu kumelowa.

Kitunguu tumekiacha mwisho kwa makusudi, kwa sababu kinaumiza wamama wengi na sababu yake haionekani.

Kikundi kimoja cha AVEC kilitoa pesa ya kasha wakanunua mbegu za vitunguu, sashe nzuri za kutoka Ulaya. Mbegu ziliota zote. Majani yalisimama mazuri, ya kijani, marefu, watu wakapita wakisifu. Miezi minne ikapita, mitano, wanachimba chini wanakuta shingo nene kama puaro, hakuna kichwa. Wakasema udongo ni mbaya, wengine wakasema jirani ana jicho.

Udongo haukuwa na kosa, na jirani pia. Kitunguu kinatengeneza kichwa kwa kuhesabu saa za mwanga. Ulaya, katikati ya mwaka, jua linakaa juu saa 15 au 16, na aina za kitunguu za huko zinangoja siku ndefu hizo ndipo zianze kujaza kichwa. Sisi tuko karibu sana na mstari wa ikweta. Siku yetu ni ya saa 12, mwezi wa kwanza mpaka wa kumi na mbili. Kitunguu kile kingengoja mpaka leo. Kinachofaa hapa ni aina za siku fupi, na ile inayojulikana zaidi ni Red Creole, kitunguu chekundu, kikali, kinachotunzika. Mukifika dukani, msiulize bei kwanza. Ulizeni aina, na jina lake mlione limeandikwa kwenye sashe. Muuzaji akisema "vyote ni vitunguu tu", nendeni duka lingine.

Aina ikishakuwa sawa, hesabu ya mvua inarudi. Kitunguu kinapenda mvua kikiwa kidogo na jua kikiiva. Kikiiva ndani ya mvua kinaoza shingoni. Pepinyeri inachukua wiki sita hadi nane, halafu shambani miezi mitatu na nusu hivi. Anayeweka mbegu mwanzo wa mwezi wa pili anahamisha mwisho wa mwezi wa tatu au mwanzo wa mwezi wa nne, na anavuna mwezi wa saba, kwenye jua kali. Anayetaka mavuno mengine aweke mbegu mvua ya mwezi wa tisa ikianza. Atavuna kwenye ule upungufu mdogo wa mvua wa mwezi wa kwanza na wa pili. Mwezi huu wa tano si mwezi wa kuanza kitunguu. Sashe itakuambia vingine.

Kwa wasomaji wetu walio nje ya mji: hesabu hizi ni za Goma. Kibumba, Mushaki na milima ya Masisi ni juu zaidi, na kila ukipanda mita 1 000 joto linapungua nyuzi karibu sita. Kwenye ubaridi mmea unakua polepole. Shu inayofunga Goma kwa siku 70 baada ya kuhamishwa inaweza kuchukua wiki mbili au tatu zaidi kule juu, ingawa inafunga ngumu na tamu kuliko ya kwetu, ndiyo maana sokoni Virunga watu wanauliza "hii ni ya Kibumba?" Mama wa Kibumba aongeze wiki hizo kwenye hesabu yake. Faida yake ni kwamba ukungu wa asubuhi unamsaidia kutunza maji.

Tunawafikiria hasa wale waliorudi vijijini. Kambi za Kanyaruchinya, Bulengo na nyingine kando ya mji zilipokuwa tupu mwezi wa pili 2025, familia nyingi zilifika kwao wakati uleule sezoni B inaanza, mikono mitupu. Aliyefika mwezi wa pili bila mbegu hakupoteza wiki moja, alipoteza mavuno mpaka sezoni nyingine. Kama kikundi chenu kina dada wa namna hiyo kijijini, msimtumie pesa ya mbegu mwezi wa kumi, mvua ikiwa imeshachapa mwezi mzima. Mbegu za maharagi zimfikie kabla ya mwisho wa mwezi wa nane. Barabara zetu zinajulikana: leo gari inapita, kesho haipiti.

Na mwezi wa tisa ukifika, jihadharini na mvua ya kwanza. Mara nyingi inanyesha siku mbili, watu wanakimbia kupanda, halafu jua linarudi wiki mbili na mbegu zinaoza au zinaungua. Chimbeni kwa mkono: udongo ukiwa umelowa mpaka urefu wa kiganja, pandeni. Ukiwa umelowa juu tu, subirini. Mvua hiyo ya kwanza pia inaosha paa lenye majivu na moshi wa volkeno. Maji yake ya mabati msiyamwagilie miche midogo, acheni yapite.

Jambo la mwisho la wiki hii ni kupima mbegu kabla ya kugawana. Mbegu za kitunguu na puaro zinachoka haraka. Zikipita mwaka mmoja au miwili nyingi hazioti, hata sashe ikiwa bado inang'aa. Nyanya inatunzika miaka minne. Chukueni mbegu kumi, zifungeni ndani ya kitambaa kilicholowa, muweke mahali pa joto jikoni kwa siku nane, kitambaa kisikauke. Zikiota saba au zaidi, gawaneni. Zikiota nne, pandeni mara mbili zaidi au mrudishe. Zikiota mbili, hiyo pesa imeshakwenda, na ni vizuri mjue kabla ya kulima.

Vikundi vinavyotaka nyanya ya mwezi wa nane vikutane kabla ya Jumapili, kwa sababu tarehe 15 iko karibu. Vikishindwa, mbegu inaweza kuingia mpaka tarehe 20, lakini mavuno ya kwanza yatagusa mwanzo wa mwezi wa tisa. Wiki ijayo tutaonyesha jinsi ya kuhamisha miche bila kuiua kwa jua, na jinsi ya kuitengenezea kivuli cha majani ya migomba kwa siku tano za kwanza.